Moyo wa Mtu Aliyeacha Mazoezi

Shule zote za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi, 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Madarasa machache yaliitwa kwa zamu, yakafungwa tena mwezi wa Juni, 2021, na shule nzima haikurudi mpaka tarehe 10 Januari, 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyokaa muda mrefu namna hiyo bila shule. Mengi yameandikwa juu ya masomo tuliyoyapoteza. Mimi nataka kuandika habari za kitu kingine tulichokipoteza wakati ule ule, ambacho hakitungiwi mtihani wala hakitolewi cheti, nacho ni nguvu ya moyo.

Wale tuliokuwapo juma lile la kwanza twakumbuka. Jumamosi asubuhi kengele ililia, tukapangwa mistari kwa mabweni yetu, tukaambiwa tukimbie njia ile ile ya zamani, kushuka upande wa Mto Nile na kupanda tena mpaka uwanjani. Kabla ya kufika bondeni nusu ya wakimbiaji walikuwa wakitembea. Mimi nilikazana kwa sababu ya kiburi, nikafika, nikaanguka majanini chini ya mwembe, moyo ukipiga kama mtu agongaye mlango usiku. Kisha ukafanya jambo lililonitisha zaidi. Ulinyamaza kidogo, ukagonga mara moja kwa kishindo, halafu ukaendelea na mbio zake. Nikasema, basi, nimekwisha.

Usiku ule bwenini maneno yalikuwa mengi. Mmoja alisema ni korona iliyojificha mwilini. Mwingine alisema ati tumelogwa na shule moja tuliyoifunga mabao manne mwaka 2019. Mwenzetu wa kitanda cha pembeni hakusema neno, naye nitarudi kwake baadaye.

Asubuhi nilikwenda kwa Sista wa zahanati ya shule. Alinishika mkono, akatazama saa, akahesabu kimya. Kisha akauliza, "Mwanangu, miezi yote hiyo ulikuwa ukifanya kazi gani?" Nikajibu, "Sista, nilikuwa nikiuza dukani kwa mjomba." "Umesimama au umeketi?" "Nimeketi, Sista." Akacheka sana, akaniambia niketi tena, ila mara hii nisikilize.

Tangu siku hiyo nimesoma nilivyoweza habari za moyo. Na kwa kuwa kila muhula naona wadogo zetu wakiingiwa na hofu ile ile, na kila mwaka ndugu zetu wanafunzi wa zamani huja kucheza mpira nasi wakitoka moja kwa moja kwenye viti vya ofisi za Jinja, nimeona yafaa niyaandike.

Moyo ni msuli wenye ukubwa upatao ngumi ya mwenyewe, na kazi yake ni kusukuma damu. Mtu mzima aliyetulia huhitaji lita 5 hivi zipite moyoni kila dakika. Pigo moja hutoa kadiri ya mililita 70. Basi akipigwa na moyo mara 70 kwa dakika atapata mililita 4,900, hesabu ambayo hata mtoto wa kidato cha kwanza aweza kuihakikisha.

Sista alinipa mfano wa maji, nami sijaona mfano bora kuliko huo. Nyumba yahitaji lita 200 za maji kwa siku. Msichana mwenye jerikani ya lita 20 atakwenda kisimani mara 10. Mpe jerikani ya lita 10 na atakwenda mara 20. Nyumba ni ile ile, njia ni ile ile, na msichana si mgonjwa hata kidogo, ila jioni utamkuta akihema. Moyo wa mtu aliyeacha mazoezi ni msichana huyo aliyepewa jerikani ndogo. Kila pigo hutoa damu kidogo kuliko zamani, na kwa hiyo hauna budi kupiga mara nyingi zaidi ili mwili upate haki yake.

Jerikani hupunguaje? Kwanza maji ya damu yenyewe hupungua. Mtu afanyaye mazoezi huongezewa na mwili wake maji katika damu, na akiacha, mwili huona hakuna haja ya kuyaweka, ukayaondoa upesi, yaani katika majuma mawili hadi manne ya kwanza. Damu ikipungua, ile irudiyo moyoni ni kidogo, na moyo usiojaa vizuri hauwezi kutoa kingi. Baadaye, muda ukizidi, msuli wa moyo wenyewe hupungua unene na nafasi yake ya ndani. Tena misuli ya miguu nayo husahau kazi. Ndani yake mna viwanda vidogo sana vitumiavyo oksijeni, navyo huwa vichache mtu akikaa bure. Mguu wa namna hiyo huchoka mapema, na mwili hutoa adrenalini ya kuuhimiza moyo hata katika mwendo ambao zamani ulikuwa mchezo tu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme mkimbiaji ahitaji lita 18 za damu kwa dakika anapopanda kilima. Kama kila pigo latoa mililita 110, atahitaji mapigo 164. Kama pigo limepungua kuwa mililita 95, atahitaji 189. Sasa, watu wa michezo hukadiria kikomo cha mapigo kwa kutoa umri katika 220, na ijapokuwa hesabu hiyo si kamili kwa kila mtu, kijana wa miaka 19 atapata 201. Kwa hiyo kilima kile kile kilichokuwa kazi ya kawaida sasa kimemfikisha karibu na ukingo. Moyo unaopiga mara 189 husikika kifuani, shingoni, hata masikioni. Lakini wafanya kazi yake.

Mtu aweza kudhani kwamba jambo hili huhitaji miaka miwili ya kukaa bure. Sivyo. Mwaka 1966 huko Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani, madaktari pamoja na Mswidi mmoja aitwaye Bengt Saltin waliwachukua vijana watano wenye afya, umri wao miaka ipatayo 20, wakawalaza kitandani siku 20. Hawakuruhusiwa kusimama. Walipoamka, uwezo wao wa kutumia oksijeni wakati wa kazi nzito ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo, na mioyo yao ilikwenda mbio kwa kazi ndogo. Hata hivyo sehemu inipendezayo ni ile iliyofuata. Walifanyizwa mazoezi kwa majuma kama manane, na wote wakapona kabisa. Watatu ambao zamani hawakuwa watu wa michezo walirudi walipokuwa kwa muda upatao majuma mawili. Wawili waliokuwa wanamichezo walichukua zaidi ya mwezi, kwa sababu aliyekuwa juu ya kilima ana njia ndefu zaidi ya kupanda. Naomba wachezaji wa timu ya kwanza wasome sentensi hiyo mara mbili, maana wao ndio wanaokasirika siku ya tatu wakiona miguu haijarudi.

Vijana wale walipimwa tena mwaka 1996, wakiwa watu wazima wa miaka 50. Hakuna hata mmoja aliyekuwa hafifu kuliko alivyokuwa siku ile alipotoka kitandani. Yaani majuma matatu ya kulala yaliwadhuru kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Sisi wenyewe tuliona jambo kama hilo bila daktari. Baadhi ya wenzetu wa Busoga walikwenda kukata miwa katika muda ule wa kufungwa kwa shule. Sisemi kwamba ni vema mtoto kukata miwa, maana wengine hawakurudi shuleni kabisa. Lakini waliorudi walikuwa wamepoteza hisabati bila kupoteza pumzi, na katika mbio zile za Januari walitangulia mbali. Na katika mwaka ule ule wa 2020, mashindano yalipokuwa yamesimama karibu duniani kote, Joshua Cheptegei aliendelea kufanya mazoezi kwao Kapchorwa, akaenda Monaco tarehe 14 Agosti akavunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Tarehe 7 Oktoba akavunja na ile ya mita 10,000 huko Valencia, kwa dakika 26 na sekunde 11. Mimi siku hizo nilikuwa napima sukari robo kilo.

Sasa niseme juu ya lile pigo la kuruka, kwa maana ndilo linalowatia watu hofu kuliko mbio zenyewe. Ndani ya moyo kuna kifundo kidogo kitoacho amri ya kila pigo. Wakati mwingine sehemu nyingine ya moyo hutangulia, kama mwimbaji aanzaye ubeti kabla ya mwongozaji. Pigo hilo la mapema huwa dogo, hulisikii. Kisha moyo hungoja kidogo, na katika kungoja hujaa damu kuliko kawaida, ndiyo sababu pigo lifuatalo hugonga kwa kishindo. Kumbe kile tukisikiacho si moyo kusimama bali moyo uliojaa. Watu wengi wazima hupata mapigo ya namna hii mara chache bila madhara, na huzidi mtu akikosa usingizi, akiwa na wasiwasi, au akipungukiwa maji.

Huzidi pia kwa kahawa, na hapa nisingependa kuwaudhi wazazi. Kahawa ya robusta tunayolima Busoga ina kafeini karibu mara mbili ya ile ya arabika inayolimwa na majirani zetu wa Mbale katika Mlima Elgon. Anayekesha akisoma kwa vikombe vitatu vya robusta, au kwa chupa za vile vinywaji vya kutia nguvu viuzwavyo madukani, kisha akaamka kukimbia bila kunywa maji, asimlaumu mchawi. Tena mtu alalaye kwa ubavu wa kushoto usiku baada ya mbio husikia moyo ukigonga godoro. Ni kwa sababu moyo u karibu zaidi na ukuta wa kifua upande huo. Na ageuke.

Namna ya kurudi si siri. Anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya zamani, au pungufu. Kimbia kidogo, tembea kidogo, kimbia tena. Kipimo changu ni mazungumzo. Ukiweza kusema sentensi nzima na mwenzako huku mkikimbia, mwendo wako ni mzuri, na ukiweza kutoa neno moja moja tu, umekwenda mno. Ongeza kidogo kila juma. Ukifika mwisho usikae wala usianguke majanini kama nilivyofanya mimi, kwa sababu misuli ya miguu ndiyo inayosaidia kurudisha damu juu, na ukisimama ghafula damu hubaki miguuni, kichwa kikazunguka na moyo ukazidi kwenda mbio. Tembea dakika tano. Aliyekuwa na homa asikimbie mpaka homa iishe na nguvu zirudi, kwani virusi vya mafua makali na vya korona vyaweza kuvimbisha msuli wa moyo wenyewe, na moyo uliovimba haupaswi kukimbizwa.

Yapo pia mambo ya kwetu ambayo humfanya mtu apapwe na moyo hata akiwa amefanya mazoezi siku zote. Malaria, safura na kichocho hupunguza damu, nayo damu ikipungua wekundu, moyo huongeza safari. Mwenye ulimi mweupe na vidole vyeupe ahitaji kupimwa damu kwanza, mbio baadaye.

Mpaka hapa nimesema kama kwamba kila moyo uendao mbio ni mzima. Ningeishia hapa ningekuwa nimewadanganya.

Yule mwenzetu wa kitanda cha pembeni naye aliogopa, lakini hakwenda kwa Sista. Alikuwa akitegemea kuchaguliwa katika timu, naye aliona kwamba akisema ataachwa. Mimi nilipoeleza bwenini niliyoambiwa, alifurahi sana akasema, "Basi ni hayo hayo yangu." Hayakuwa hayo. Mimi baada ya majuma matatu nilipanda kilima bila taabu. Yeye alizidi kuhema. Usiku aliweka mto juu ya mto ili aweze kupumua, na jioni viatu vilimbana kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Siku moja alizimia katikati ya mbio, si baada ya kufika, bali akiwa anakimbia. Ndipo Sista alipomwuliza habari za utotoni. Alikumbuka kwamba alikuwa akiumwa koo mara kwa mara, na mwaka mmoja magoti na viwiko vilivimba kwa zamu, leo hiki na kesho kile, vikapona vyenyewe. Alipelekwa kupimwa kwa mashine ipigayo picha za moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonekana kwamba vilango vya moyo wake vimekakamaa.

Ugonjwa huo ni wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Huanza kwa viini vya koo viitwavyo streptokoki. Koo hupona, lakini askari wa mwili waliokwenda kupigana na viini hukosea wakavishambulia vilango vya moyo, na kila koo jipya huongeza jeraha. Katika nchi tajiri umekuwa adimu, lakini kwetu Uganda bado huwapata watoto na vijana wengi. Habari njema imetoka hapa hapa nchini. Madaktari wa Uganda na wenzao wa nje waliwafuata watoto 818 huko Gulu ambao ugonjwa ulikuwa umeanza kuonekana kwa mashine tu. Baadhi walichomwa sindano ya penisilini kila majuma manne kwa miaka miwili, na wengine hawakuchomwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kati ya waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watatu tu. Kati ya wasiochomwa uliendelea kwa 33. Kwa hiyo mtoto mwenye koo linalouma na homa na apelekwe zahanati, asipewe chumvi na tangawizi peke yake.

Tofauti baina ya moyo wangu na wa mwenzangu ni hii, nami naomba isomwe polepole. Moyo wangu ulikwenda mbio kwa sababu ya mbio, ukatulia nilipotulia, na kila juma uliona nafuu. Mwenye kuzimia akiwa katika kukimbia, mwenye maumivu ya kifua yanayobana, mwenye moyo unaoanza mbio ghafula akiwa ameketi na kuacha ghafula kama taa iliyozimwa, mwenye kuvimba miguu, au aliyefiwa na ndugu wa damu kijana kwa kifo cha ghafula, huyo asikimbie tena mpaka daktari ameusikiliza moyo wake. Kwa wanafunzi wa zamani waliopita miaka 40, hasa wenye shinikizo la damu au wavutao sigara, maumivu ya kifua yashukayo mkono au yapandayo taya ni safari ya hospitali saa ile ile, hata kama mpira umebaki dakika mbili.

Tusifikiri kwamba mchezaji mashuhuri hawezi kupatwa. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni, 2003, akiwa na miaka 28, akafa. Msuli wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kiasi. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London tarehe 17 Machi, 2012, na moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, lakini watu walianza mara moja kumkandamiza kifua na kumpiga kwa mashine ya umeme, akapona. Mtu akianguka, haitiki wala hapumui sawasawa, mmoja aite msaada, na mwingine aweke mikono miwili katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Kumwagia maji usoni hakusaidii kitu.

Tangu mwaka 2022 nimekuwa na daftari. Kila Jumatatu kabla ya kutoka kitandani naweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, nahesabu kwa sekunde 15, nazidisha kwa 4. Juma la kwanza baada ya shule kufunguliwa nilipata 84. Juma la nne nilipata 76. Juma la nane nilipata 64. Kila likizo ndefu hupanda, na kila muhula hushuka.

Mwenzangu naye ana daftari. Hakimbii, bali Jumamosi za mbio ndiye ashikaye saa na kuandika nyakati zetu, na ni mkali kuliko mwalimu wa michezo. Kila baada ya majuma manne huondoka darasani kabla ya kipindi cha mwisho kwenda kuchomwa sindano yake. Siku ya mpira wa wanafunzi wa zamani muhula huu atakuwa na meza karibu na lango la uwanja, pamoja na Sista, ili kuhesabu mapigo ya kila mzee kabla hajafunga viatu. Tafadhalini msimpite.